Dansi za filamu za zamani za Hollywood zinakamata kwa nini? Na kwa simu tuige nini?

Mtambaa Sakafu:

Wadau, salaam. Nina maswali mawili, yote kuhusu filamu za Fred Astaire na Ginger Rogers walizocheza studio ya RKO kati ya 1933 na 1939, na zile za Gene Kelly wa studio ya MGM.

La kwanza. Hadithi zenyewe nyepesi kabisa: mtu anafananishwa na mtu mwingine, wanagombana, wanapatana, basi. Lakini dansi ikianza huwezi kunyanyuka kitini. Video za leo zina kamera kumi na taa za kila rangi, na bado hazikamati hivyo. Sababu ni nini hasa? Jibu la "walikuwa na vipaji" naomba tuliruke, vipaji hata leo vipo.

La pili ni la vitendo. Tuseme kikundi cha watu wawili hadi wanne kinataka kurekodi kwa simu kipande cha dakika mbili, viatu vya chuma (vile vyenye vipande vya chuma kwenye soli vya kupigia midundo), na sakafu iliyopo ni ya saruji. Katika ufundi ule wa zamani kipi kinaigika bila pesa ya studio?

---

Fremu Nzima:

Mkuu, kabla ya yote hesabu mikato, yaani pale picha inaporuka kutoka shoti moja hadi nyingine. Chukua *Swing Time* ya 1936, dansi ya mwisho, "Never Gonna Dance". Wawili wanatembea ukumbini wakiwa na huzuni ya kuachana, na ule mwendo unageuka dansi bila wewe kujua ni hatua ipi iliyoanza. Kisha wanapanda ngazi zilizopinda, kila mmoja na ya kwake, wakutane juu. Kamera inakata pale kwenye ngazi kwa sababu ilibidi iwafuate ghorofani. Kwingine inawaacha wacheze. Maana yake ni kwamba mzunguko ukiharibika mwishoni, kipande chote kinarudiwa. Walirudia mara 47, na miguu ya Ginger ilitoka damu.

Sharti la Astaire lilikuwa kwamba mwili wote uonekane, kichwa hadi kiatu, na kamera isogee nao. RKO waliitengenezea kigari kifupi, lenzi ikakaa kama futi 2 tu kutoka sakafuni. Hakutaka kamera ikimbilie uso, wala miguu peke yake, wala watazamaji waingizwe katikati wakitabasamu. Anayecheza anakwenda mbele mpaka mwisho wa muziki.

Mkato ukiingia, jicho linaacha kufuata mwili na kuanza kumfuata mhariri. Huoni tena ni mguu upi uliosukuma sakafu hata mwili ukapaa. Unamwona mtu yuko hewani, halafu unamwona yuko chini, na kilichotokea kati ya hapo unaambiwa uamini tu. Kwa Astaire unaona anavyojikusanya, anavyoruka, na anavyotua akiwa tayari ameshajipanga kwa hatua inayofuata. Video nyingi za leo zinalikata hilo la mwisho.

Umbo la picha nalo lilisaidia. Filamu za wakati ule zilikuwa na uwiano wa 1.37 kwa 1. Mpe mchezaji wa mita 1.75 nafasi kidogo juu na chini, kimo cha picha kifike mita 2.3. Upana unakuwa kama mita 3.15, na hiyo inawatosha wawili, mikono imenyooshwa, bila pengo la kuchosha. Ilipokuja skrini pana ya 2.55 kwa 1 mwaka 1953, kimo kilekile kilileta upana wa karibu mita 5.9. Sasa ile nafasi tupu uijaze na nini? Michael Kidd katika *Seven Brides for Seven Brothers* ya 1954 aliijaza kwa ndugu saba na mbao za ghala. Mtu mmoja peke yake pale angeonekana kama amepotea uwanjani.

---

Kisigino Chuma:

Nakubaliana na Fremu Nzima kuhusu mikato, ila nadhani ameacha nusu ya jibu. Kuonekana mwili mzima peke yake hakutoshi, maana gwaride nalo unaliona lote na halikufanyi ulie. Kinachokamata ni kwamba ndani ya ile dansi kuna mazungumzo.

Tazama "Isn't This a Lovely Day" kwenye *Top Hat* ya 1935. Mvua imewakuta bustanini London, wamejificha kwenye banda la bendi. Ginger amevaa nguo za kupandia farasi, suruali kabisa, hakuna gauni la kupeperuka. Fred anatembea tu, Ginger anamfuata nyuma akimwiga mwendo, karibu kwa kejeli. Fred anaongeza kitu kidogo, Ginger anakijibu na cha kwake. Hawashikani. Muda mrefu wanashindana bega kwa bega kama watu wanaopigana mafumbo. Radi inapiga, muziki unakaza mwendo, na hapo ndipo wanashikana wakizunguka. Wakimaliza wanakaa chini ukingoni mwa banda na kupeana mikono, kama watu waliomaliza biashara. Hakuna busu hata moja, lakini umeshajua kila kitu.

Ukitaka kujifunza kuitazama, itazame mara tatu: mara ya kwanza mtazame Ginger peke yake, mara ya pili Fred, na mara ya tatu zima sauti uangalie umbali kati yao tu. Utaona kila badiliko la uhusiano linakuja na badiliko la umbali. Yule aliyepanga miondoko, Hermes Pan akishirikiana na Astaire mwenyewe, alijua hilo fika.

Tena kuna hesabu. Nyimbo nyingi za wakati ule ni vipimo 32, yaani mafungu manne ya vipimo vinane: fungu la kwanza, linarudiwa, la tatu linageuka, la kwanza linarudi. Ile hatua ya msingi ya dansi ya vyuma, ambayo kila mwanafunzi huanza nayo, ina umbo hilohilo kwa udogo wake. Unairudia kwa vipimo sita, halafu vipimo viwili unavunja kwa mchanganyiko mwingine. Sikio linazoea, kisha linatekenywa. Wanaokosea huvunja mapema au hujaza kila kipimo mbwembwe, na mtazamaji asipopata cha kuzoea hakuna cha kumshtua.

---

Mama Sauti:

Mnaongea macho tu. Zimeni picha msikilize, hapo ndipo mtashangaa, maana ile milio ya viatu mnayoisikia, kwa sehemu kubwa haikurekodiwa siku ya kupiga picha.

Utaratibu ulikuwa hivi. Kwanza bendi na mwimbaji wanarekodi wimbo studioni. Siku ya kupiga picha wimbo unachezwa kwa spika, wachezaji wanaufuata, yaani pleibeki. Vipaza sauti haviwezi kuchukua viatu vizuri wakati ule, kwa sababu spika inanguruma, mtu anatoa maelekezo, na sakafu ya seti imetengenezwa ing'ae, haikutengenezwa ilie. Baadaye mchezaji anaingia chumba cha sauti, anavaa hedifoni, anajitazama kwenye skrini na kupiga upya kila mlio juu ya ubao mzuri. Astaire alijipigia mwenyewe. Ya Ginger mara nyingi alipiga Hermes Pan.

Na si kazi ya kulipua. Filamu inakwenda fremu 24 kwa sekunde. Wimbo ukiwa na mapigo 120 kwa dakika, kila pigo ni fremu 12. Ukigawa pigo mara nne, mlio mmoja kwa mwingine umeachana fremu 3 tu. Ukichelewa fremu 2, mlio umeshaegemea kwenye hatua inayofuata na jicho linasema mguu si wake. Ndiyo maana milio ile inaonekana imegandana na kiatu: ilipigwa na watu walioijua dansi kwa mwili.

Wapenzi wa filamu za Kihindi hili halitawashangaza, wameshazoea kwamba anayeimba ni mwingine na anayeonekana ni mwingine. Hollywood nao walifanya, ila walificha. Katika *The Band Wagon* ya 1953 Cyd Charisse anacheza mwenyewe lakini sauti ya kuimba ni ya India Adams. Na kichekesho kikubwa kipo *Singin' in the Rain* ya 1952. Ni hadithi ya msichana anayemwazima sauti nyota asiyeweza kuimba. Sasa pale anapoonekana akiuimba "Would You" kwa niaba ya nyota, Debbie Reynolds naye ameazimwa sauti ya Betty Noyes!

Wakati tuko hapo: hadithi kwamba mvua ya Gene Kelly ilichanganywa maziwa ili ionekane si kweli. Ni taa zilizowekwa nyuma ya mvua. Maji yakimulikwa kwa mbele yanapotea, yakimulikwa kwa nyuma kila tone linawaka.

---

Ua la Halaiki:

Ngoja niwapinge kidogo. Mnasema kamera itulie, mwili uonekane mzima, ndiyo siri. Na Busby Berkeley, yule mpanga dansi, mtamweka wapi? Mwaka 1933 peke yake Warner Bros. walitoa *42nd Street*, *Gold Diggers of 1933* na *Footlight Parade*, na ndani yake mchezaji mmoja mmoja hana maana yoyote. Kamera imepandishwa darini, chini kuna makumi ya wasichana wanaofunguka kama ua, wanajifunga, wanakuwa gurudumu. Hatua zenyewe ni rahisi, mtu akifundishwa asubuhi mchana anaziweza.

Ukitaka kumwelewa, fikiria halaiki ya sherehe za kitaifa. Mtoto aliyesimama katikati ya uwanja ameshika kitambaa chake na kuhesabu, haoni picha anayoichora. Anayeiona ni aliye jukwaani juu. Berkeley alichofanya ni kumpandisha kila mtazamaji wa tiketi ya bei rahisi hadi pale jukwaani. Na wala si ajabu, vita vya kwanza vya dunia vilimkuta afisa wa jeshi akipanga gwaride. Fikiria pia mwaka wenyewe, 1933, Marekani iko kwenye mdororo mkubwa wa uchumi, watu hawana kazi. Unaingia sinema unaona wasichana wamevaa sarafu wanaimba kwamba pesa zimejaa. Huo nao ni mvuto, na hauna uhusiano na kiatu cha mtu.

---

Fremu Nzima:

Dada, sikukataa. Kwa Berkeley anayecheza ni kamera, kwa Astaire anayecheza ni mtu. Kosa ni kuchanganya, wachezaji wanafanya kazi ngumu ya miguu halafu kamera nayo inaruka huku na huku kama ina wivu. Chagua mmoja acheze.

Na usidhani Astaire alikataa hila. Katika *Royal Wedding* ya 1951 anacheza ukutani hadi darini. Chumba chote kilijengwa ndani ya pipa kubwa linalozunguka, samani zimefungwa imara, na kamera pamoja na mpiga picha wake vimefungwa kwenye chumba hichohicho vinazunguka nacho. Yeye muda wote yuko chini ya pipa, chumba ndicho kinachomzunguka. Kwa kuwa kamera inageuka na chumba, wewe unaona chumba kimetulia na mtu anapanda. Angalia kwenye kona za ukuta na sakafu, pale anapohamia: kazi yote iko hapo, kwa sababu lazima uzito wake uhame wakati uleule pipa linapogeuka. Hila ni ya chumba. Dansi ni ya kweli na inaonekana nzima.

---

Kisigino Chuma:

Hatuwezi kuzungumza hivi tukawaruka Nicholas Brothers, Fayard na Harold. *Stormy Weather*, 1943, bendi ya Cab Calloway. Wanaanzia kwenye meza, wanapita katikati ya wapiga muziki wakirukia vile vibao vyao vya kuwekea noti, wanapanda piano, kisha ngazi kubwa nyeupe. Mmoja anamruka mwenzake na kutua msamba kwenye ngazi ya chini, mwenzake anainuka anamruka yeye, hivyo hivyo hadi chini.

Rudisha nyuma uangalie wanavyoinuka. Hawatumii mikono. Misuli ya ndani ya mapaja inavuta miguu irudiane, na kifua kinabaki juu muda wote. Kifua kikiinama tu, uzito unaangukia paja la mbele na hainuki mtu. Anayejaribu bila maandalizi ya miezi anachana msuli, kwa hiyo msithubutu, hasa kwenye vigae.

Na jambo lisilopendeza lazima lisemwe. Ndugu hawa walikuwa weusi, na studio ziliwapa vipande vinavyosimama peke yake, nje ya hadithi, ili majumba ya sinema ya kusini mwa Marekani yakitaka yavikate bila filamu kuharibika. Ndiyo sababu katika filamu nyingi unawaona dakika chache na hawana hata sentensi ya kusema. Katika hiyo *Swing Time* iliyosifiwa hapo juu, Astaire anajipaka uso rangi nyeusi katika kipande cha kumuenzi Bill "Bojangles" Robinson, mchezaji mweusi maarufu wa dansi ya vyuma. Vivuli vitatu vikubwa vinavyocheza nyuma yake ni ufundi mtupu, rangi ile usoni inakera. Yote mawili yako kwenye picha moja na hakuna njia ya kuyatenganisha.

---

Mtambaa Sakafu:

Asanteni sana, nimeelewa la kwanza kuliko nilivyotegemea. Swali la pili limebaki njiani. Simu, sakafu ya saruji, watu wawili hadi wanne. Simu isimamishwe wima au ilazwe? Na milio ya viatu inachukuliwaje?

---

Fremu Nzima:

Ilaze. Fanya hesabu ileile: wima ni 9 kwa 16, kwa hiyo kimo cha mita 2.3 kinakupa upana wa mita 1.29 tu. Mtu wa mita 1.75 akinyoosha mikono anafikia kama mita 1.75, maana mikono iliyonyooshwa inakaribia kimo cha mtu. Kwa hiyo hata mmoja haenei! Ndiyo maana dansi nyingi za simu ni za mikono iliyobanwa kifuani na mtu kusimama palepale. Ukilaza, kimo kilekile kinakupa mita 4.1.

Tumia lenzi ya kawaida, si ile pana inayovuta miguu ya walio pembeni. Utahitaji kurudi nyuma mita 3.5 hadi 4, zaidi kidogo kama simu inapunguza kingo za picha ili kuituliza. Usivute kwa vidole. Kimo cha simu kiwe kiunoni au chini yake. Ukiiweka usawa wa macho inaitazama sakafu kwa juu, na mruko wa sentimita 20 hauonekani vizuri. Ukiiweka chini, mwanga unapita kati ya kiatu na sakafu na mtu anaonekana amepaa kweli. Acha nafasi zaidi miguuni kuliko kichwani. Na suruali isiwe rangi ya ukuta.

Panga mkato mmoja tu, katikati, pale wachezaji wanapogeuka. Nusu ya kwanza rekodi hadi itoke safi, kisha ya pili.

---

Mama Sauti:

Saruji sahau. Inaua mlio, inakwangua vyuma, na mifupa ya mbele ya mguu itauma kabla wiki haijaisha. Nunua plaiwudi ya milimita 18, zile za futi 4 kwa 8. Wawili wanahitaji mbili zikiunganishwa kwa upande mrefu, unapata mraba wa futi 8. Wanne chukua tatu, futi 12 kwa 8, ambazo ni mita 3.66 na zinaingia ndani ya zile mita 4.1 za Fremu Nzima. Chini piga vipande vya mbao vya inchi 2 kwa 2, kila futi moja na nusu, na chini ya mbao hizo mkeka wa mpira. Ule uwazi ndio unaoimba. Vichwa vya skrubu vizame ndani ya ubao, kikichomoza kimoja chuma cha kiatu kitanasa na mtu ataanguka. Maungio yabandike kwa utepe mpana wa kitambaa. Usipake nta, futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo na usubiri kikauke.

Wakati wa kupiga picha, spika ikae karibu na wachezaji, mita 2 au 3. Sauti inasafiri kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo spika ikiwa mita 10 wanausikia muziki umechelewa karibu milisekunde 29, ambayo ni karibu fremu nzima kwa simu inayorekodi fremu 30. Watacheza nyuma ya wimbo na utadhani ni uvivu wao.

Milio ya kweli rekodini baadaye, kimya kimya, wimbo masikioni kwa hedifoni na picha mbele yenu. Simu ya pili iwe pembeni ya ubao, sentimita 40 hivi, juu ya taulo lililokunjwa, isiguse ubao kwa sababu itabeba mtetemo badala ya mlio. Mmoja mmoja, si wote wanne kwa pamoja, la sivyo mmoja akikosea mnarudia wote.

---

Mtambaa Sakafu:

Na kulinganisha milio na picha kwenye programu ya kuhariri?

---

Mama Sauti:

Wimbo wenyewe uanze na midundo minne mitupu ya kuhesabia. Kwenye picha, kabla ya hatua ya kwanza, mmoja apige kofi kwenye mdundo wa nne mikono ikionekana. Kwenye kurekodi milio apige kofi palepale tena. Unaoanisha makofi mawili, halafu unanyamazisha la pili. Kama dakika ya pili milio inaanza kuachana na miguu ilhali mwanzo iko sawa, angalia simu ya picha kwanza: nyingi hupunguza fremu zenyewe mwanga ukiwa hafifu. Ongeza taa, funga simu kwenye fremu 30, rekodi upya.